Filamu fupi ya mwanafunzi: Kamera ichaguliwe mwisho

Katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu ya mapigano kwa fedha zinazotajwa kuwa hazikufika dola 200 za Marekani. Bunduki zilikuwa vyuma chakavu vilivyochomelewa, kompyuta aliiunganisha mwenyewe kwa vipuri vilivyokwishatumika, na helikopta zinazorusha mabomu zilizaliwa ndani ya kompyuta hiyohiyo. "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010 ilienea mtandaoni ikatazamwa na mamilioni ya watu, na mwaka 2019 filamu yake nyingine, "Crazy World", ilionyeshwa katika tamasha la kimataifa la Toronto, Kanada.

Kisa hicho husimuliwa sana kuwatia moyo vijana. Kuna kipande chake ambacho wengi hukiruka. Nabwana alipomaliza kazi, diski ya kompyuta ilikuwa imejaa, na ikambidi aifute filamu ili apate nafasi ya kutengeneza inayofuata. Iliyosalia ni nakala yenye sauti ya VJ Emmie anayechombeza juu ya picha, mtindo ambao watazamaji wa Kenya wanaujua kwa DJ Afro na wale wa Tanzania kwa Lufufu. Nakala safi, yenye sauti za waigizaji peke yao, haipo tena.

Kamera yake ilifanya kazi yake yote. Kilichopungua ni nafasi kwenye diski.

Mwanafunzi yeyote anayejiandaa kushuti filamu yake ya kwanza anapaswa kukaa na kisa hicho kwa muda, kwa sababu vikundi vingi huanza na swali lilelile: tutumie kamera gani? Michango inakusanywa, mjomba anaombwa, kamera inakodiwa kwa siku mbili, na fedha zinaishia hapo. Wiki moja baadaye laptopu inagoma kucheza picha zilizorekodiwa, maneno ya mwigizaji mkuu yamemezwa na feni, na nakala pekee ya kazi nzima iko kwenye memori kadi inayotakiwa kurudishwa kwa mwenyewe. Inauma kuona hadithi nzuri ikifia njiani namna hiyo, hasa pale ambapo fedha za kuiokoa zilikuwapo tangu mwanzo ila zilikwenda mahali pasipostahili.

Mpangilio unaosaidia ni wa kinyume. Kikundi kianze na mahali filamu itakapoonyeshwa, kirudi kwenye kompyuta na programu ya kuhariri, kisha sauti, kisha mwanga. Kamera ichaguliwe mwisho, ikitoshea ndani ya yote yaliyotangulia.

Hesabu ya diski kabla ya hesabu ya kamera

Filamu nyingi za wanafunzi huonyeshwa kwanza darasani kwa projekta, kisha mtandaoni, ambako wengi huzitazama kwa simu. Kwa matumizi hayo, picha ya HD, yaani nukta 1920 kwa 1080, inatosha kabisa. Picha ya 4K ina nukta mara nne ya hizo, na kila nukta inadai nafasi kwenye diski na nguvu ya kompyuta. Faida yake kubwa kwa mwanafunzi ni kuweza kuivuta picha karibu wakati wa kuhariri bila kuharibu ubora, na si kila filamu inahitaji hilo.

Chukua mfano wa filamu ya dakika 10. Kikundi kilichofanya mazoezi vizuri kinaweza kurekodi dakika 10 kwa kila dakika moja itakayobaki, yaani dakika 100 kwa jumla. Kwa makadirio ya Apple, dakika moja ya HD kwenye iPhone, kwa mfumo wake wa kawaida wa kubana faili, huchukua takriban MB 60, na dakika moja ya 4K takriban MB 170. Kwa hiyo picha zote za HD zitakuwa GB 6, na za 4K zitakuwa GB 17. Kikundi kikivutiwa na mfumo wa ProRes uliomo kwenye iPhone za daraja la Pro, dakika moja ya 4K inafika karibu GB 6, na filamu ileile ya dakika 10 sasa inataka GB 600.

Takwimu hizo zizidishwe kwa tatu. Kanuni inayofuatwa na wapiga picha duniani kote ni kuwa na nakala tatu za kila faili, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja ikae jengo jingine. Kwa GB 6 kanuni hii haina gharama ya kutisha: laptopu, flashi moja, na diski ya nje ya rafiki anayeishi mtaa mwingine. Kazi ya kunakili ifanyike jioni ileile ya kushuti, kabla watu hawajatawanyika, na mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye mwenye jukumu hilo. Memori kadi isifutwe mpaka nakala zote tatu zimefunguliwa na kutazamwa.

Flashi nazo zina mtego wao. Nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Filamu iliyokamilika inaweza kukataa kuingia siku ya kuikabidhi, wakati flashi inaonyesha nafasi tele. Kuipanga upya kwa mfumo wa exFAT kunachukua dakika moja, ila kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike mapema.

Programu: kinacholipiwa na kisicholipiwa

Laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8 ndiyo wanafunzi wengi waliyo nayo, na ndiyo inayopaswa kuamua programu. DaVinci Resolve ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia ina toleo la bure lisiloweka alama juu ya picha ilimradi hutumii athari za toleo la kulipia, linalotoa filamu hadi ya 4K, na limebeba ndani yake uhariri, urekebishaji wa rangi na uchanganyaji wa sauti. Mashine ya rangi iliyokuwa mzazi wake ilizaliwa miaka ya 1980 kwa ajili ya studio kubwa. Tatizo ni uzito. Watengenezaji wanapendekeza RAM ya GB 16, na GB 32 kwa anayetumia sehemu ya Fusion ya kuunda maumbo na athari za picha, pamoja na kadi nzuri ya picha. Kwenye laptopu dhaifu itafunguka, kisha itakwama katikati ya kazi.

Kwa mashine hizo, Kdenlive na Shotcut zinafaa zaidi. Zote mbili ni za bure, msimbo wake uko wazi, na zinakwenda kwenye Windows, Linux na Mac. Kwa kusafisha sauti ipo Audacity, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, nayo ya bure na nyepesi. CapCut ni rahisi kwa video fupi za mitandaoni, lakini nyenzo kadhaa zilizokuwa bure zimehamishiwa kwenye kifurushi cha kulipia, na kikundi kinaweza kujikuta kimehariri nusu ya filamu kwa nyenzo inayodai malipo wakati wa kutoa faili. Premiere Pro ya Adobe inalipiwa kwa mwezi au mwaka, na malipo yakikoma mradi haufunguki.

Ndipo wengi hukimbilia programu zilizokrakiwa. Hatari yake iko wazi: faili hizo hubeba virusi mara kwa mara, mtumiaji hulazimika kuzima kinga ya kompyuta ili kuzisakinisha, na kompyuta hiyo ndiyo yenye nakala ya filamu ya kikundi kizima. Wakati programu halali za bure zipo na zinafanya kazi, hakuna sababu ya kuhatarisha jasho la wenzako.

Wala programu ya bure au ya zamani haipunguzi hadhi ya filamu. "Flow", katuni ya Gints Zilbalodis wa Latvia iliyoshinda Oscar mwezi Machi 2025, ilitengenezwa kwa Blender, programu ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuipakua leo bila kulipa senti. "Parasite" ya Bong Joon-ho, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2020, ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7, toleo la mwaka 2009 ambalo Apple yenyewe ilikuwa imekwishaliacha. Mhariri wake, Yang Jin-mo, aliijua programu hiyo vizuri, na hakuona haja ya kuibadilisha.

Laptopu ikikwama hata kwa Kdenlive, dawa yake ni proksi. Programu inatengeneza nakala nyepesi za kila klipu, mhariri anakata na kupanga kwa kutumia hizo, na wakati wa kutoa filamu programu inarudi yenyewe kwenye faili halisi. Resolve, Kdenlive na Shotcut zote zinaweza kufanya hivyo. Kazi ya kutengeneza proksi inaachiwa kompyuta usiku, umeme ukiwapo.

Sauti ndiyo ipewe fedha

Watazamaji huvumilia picha yenye chenga. Hawavumilii maneno wasiyoyasikia. Kama kikundi kina fedha za kununua kitu kimoja tu, kitu hicho kiwe maiki.

Maiki ya simu au kamera ina udhaifu mmoja usioweza kurekebishwa: iko mbali na mdomo. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti ya mwigizaji hushuka kwa takriban desibeli 6, huku mngurumo wa bodaboda na jenereta ya jirani ukibaki palepale. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ile yenye waya inayouzwa bei nafuu kwenye maduka ya vifaa vya simu, hulitatua tatizo hilo kwa sababu inakaa kifuani, kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni.

Namna ya kuitumia bila kununua kinasa sauti ni hii. Simu ya pili, hata ya zamani yenye kioo kilichopasuka, inawekwa mfukoni mwa mwigizaji ikiwa kwenye hali ya ndege, ili mawimbi ya mtandao yasiingize mlio kwenye rekodi na mtu asipige katikati ya shoti. Maiki inachomekwa kwenye simu hiyo, waya unapita chini ya shati au kanga, na programu ya kurekodi inawekwa kwenye kHz 48, kiwango kinachotumika kwa video. Sauti ya juu kabisa ya mwigizaji, hata anapopiga kelele, isivuke desibeli 12 chini ya sifuri. Kamera ikishaanza kurekodi, mtu anasimama mbele yake, anataja namba ya shoti na kupiga kofi moja. Kishindo cha kofi na picha ya viganja vikikutana ndivyo mhariri atakavyovitumia kuoanisha sauti na midomo. Resolve na Kdenlive zinaweza pia kuoanisha zenyewe kwa kulinganisha mawimbi ya sauti, ilimradi kamera nayo imerekodi sauti yake hafifu.

Kazi nyingine ya sauti ni ya kutembea tu. Mrekodi sauti aende kwenye eneo siku moja kabla, saa ileile ya kushuti, akae kimya na kusikiliza. Atagundua msikiti uko karibu kiasi gani na adhana ni saa ngapi, shule itatoa watoto wakati gani, fundi wa kuchomelea anaanza kazi lini. Vyumba vya kuta tupu za tofali na paa la bati hurudisha mwangwi. Magodoro, mablanketi na vitenge vilivyotundikwa nje ya fremu huumeza. Friji izimwe. Mafundi wa sauti wana desturi ya kuweka funguo za gari ndani ya friji waliyoizima, wasije wakaondoka na kuacha vyakula vya mwenye nyumba vikiharibika. Kabla ya kuondoka, wote wanyamaze na irekodiwe nusu dakika ya utulivu wa chumba kile, ambao mhariri atautandika chini ya maneno ili mikato isisikike.

Mwongozaji Robert Rodriguez alilijua tatizo hili la sauti alipotengeneza "El Mariachi" nchini Mexico kwa takriban dola 7,000. Kamera yake ya kuazima ilipiga kelele na haikuweza kuoana na sauti, kwa hiyo baada ya kila shoti aliiweka kando, akawasogezea waigizaji maiki na kuwarudisha kusema maneno yaleyale kwa mwendo uleule.

Jua, taa na ngozi

Pwani ya Afrika Mashariki ina jua kali ambalo saa sita mchana husimama juu ya utosi, likatia kivuli cheusi kwenye macho ya kila mwigizaji. Asubuhi kabla ya saa tatu na jioni baada ya saa kumi mwanga huwa wa pembeni na laini. Karibu na Ikweta jua huzama upesi, kwa hiyo tukio la machweo lenye shoti sita lipangwe kwa jioni mbili. Mchana, kivuli cha mwembe au baraza na shuka jeupe la kurudisha mwanga usoni hufanya kazi ambayo taa ya kukodi isingeifanya vizuri zaidi.

Simu ikiachwa ijiamulie yenyewe hukosea mara kwa mara inapomwona mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe: inaupima ukuta na kuitia giza sura. Historia ya picha ina deni hapa. Kwa miongo mingi maabara za filamu zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi zikaachwa nje ya kipimo. Mpiga picha wa leo ana uwezo wa kuirekebisha hali hiyo kwa kidole: aguse uso wa mwigizaji kwenye kioo, afunge mwanga na fokasi hapo, kisha amsogeze mbali na ukuta. Chanzo kikubwa cha mwanga, kama dirisha lenye pazia jepesi, huleta mng'ao mzuri kwenye ngozi nyeusi kuliko balbu kali iliyoelekezwa usoni.

Ndani ya nyumba kuna suala la umeme. Tanzania na Kenya zinatumia umeme wa Hz 50, na taa nyingi za mirija na LED za bei rahisi humetameta mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde bila kuulizwa, na mistari ya giza huonekana ikitambaa juu ya picha. Kurekodi fremu 25 kwa sekunde, na shata ikiwa 1/50, huiondoa mistari hiyo.

Sasa, kamera

Ikifika hapa, kikundi kinajua kinahitaji kamera ya HD, fremu 25, shata inayofungika, na faili ambazo laptopu yao inaweza kuzimudu. Mara nyingi kifaa hicho kiko mfukoni tayari. Kinachokosekana ni programu ya kukiongoza: Open Camera ya Android ni ya bure, na Blackmagic Camera, ya bure pia, ilitoka kwa iPhone mwaka 2023 na kwa baadhi ya simu za Android mwaka 2024.

Mwongozaji Sean Baker ndiye mfano unaotajwa zaidi wa kushuti kwa simu. "Tangerine", iliyoonyeshwa Sundance mwaka 2015, ilipigwa kwa iPhone 5S, kwa msaada wa programu ya FiLMiC Pro na lenzi ndogo za kubandika zinazopanua fremu. Miaka kumi baadaye alitwaa Oscar kwa filamu yake "Anora". Lakini "Tangerine" iligharimu takriban dola 100,000, waigizaji walilipwa, na sauti ilirekodiwa na fundi kwa vifaa vya kitaalamu. Simu iliokoa fedha upande wa picha, zikaenda kwenye mambo mengine ambayo filamu isingeweza kusimama bila hayo.

Kabla ya kukodi kamera kubwa, tripodi ije kwanza, kwani picha inayotikisika bila sababu huchosha macho kwa kamera yoyote ile. Betri na pawabenki zihesabiwe kwa siku isiyo na umeme. Ndege nyuki ziachwe isipokuwa hadithi inazidai kweli: usajili na vibali vinatolewa na mamlaka za usafiri wa anga, na vinachukua muda. Kibali cha kushuti nacho kiulizwe mapema, kwa Bodi ya Filamu nchini Tanzania au KFCB, bodi ya kuainisha filamu, nchini Kenya. Barua ya chuo hurahisisha mazungumzo, na pia huwatuliza polisi na wenye maduka.

Jaribio la dakika kumi

Wiki mbili kabla ya siku ya kwanza, kikundi kirekodi mazungumzo ya dakika kumi mfululizo, kwa simu ileile, maiki ileile na ndani ya chumba kilekile kitakachotumika. Urefu huo una sababu. Simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu zenyewe kadiri mwanga unavyobadilika, na programu za kuhariri hutegemea kasi isiyobadilika. Kwenye klipu ya sekunde 20 hakuna atakayeona kitu. Dakika ya tisa, sauti inaweza kuwa imeachana na midomo.

Klipu hiyo ipitishwe njia yote: inakiliwe mara tatu, ifunguliwe kwenye laptopu ya mhariri, ioanishwe na sauti ya simu ya pili, ikatwe, iwekewe tafsiri ya maandishi kama filamu inakusudiwa kwenda ZIFF Zanzibar au matamasha mengine yenye wageni, itolewe, iingizwe kwenye flashi na kuonyeshwa kwa projekta ya darasani, mwalimu akiwa ameketi safu ya nyuma. Kasi ya fremu ikiwa ndiyo tatizo, programu ya bure ya HandBrake huinyoosha. Maneno yasiposikika nyuma, maiki isogezwe. Laptopu ikizidiwa, proksi ziandaliwe au laptopu ya mwenzao iombwe. Mambo yote hayo yanarekebishika ndani ya wiki mbili hizo, wakati waigizaji wakiendelea na mazoezi na kabla nauli ya hata mtu mmoja haijalipwa.